Namna ya kudai onyo kabla ya kuongezewa adhabu: mwongozo kwa mshtakiwa na mrufani nchini Kenya

Hakimu amekupa miaka 10. Unaona ni mingi, unakata rufaa Mahakama Kuu, na siku ya uamuzi jaji anakupa 20. Sheria ya Kenya inamruhusu. Kifungu cha 354(3) cha Sheria ya Utaratibu wa Mashtaka ya Jinai (Sura ya 75) kinaipa mahakama ya rufaa uwezo wa kupunguza adhabu, kuiongeza au kuibadilisha aina yake. Wengi hupigwa na butwaa wakisikia hivyo, kwa sababu gerezani rufaa huzungumzwa kana kwamba ikishindwa utabaki pale pale ulipokuwa. Hutabaki lazima pale pale.

Jambo ambalo jaji haruhusiwi ni kukuongezea kwa ghafla. Sharti uwe umeambiwa mapema, kwa lugha unayoielewa, ukiwa bado una nafasi ya kufanya uamuzi: uendelee na rufaa, uiondoe, utafute wakili, au ujiandae kupinga nyongeza. Onyo linalokuja wakati huna la kufanya tena halina kazi. Na onyo ambalo halikuandikwa kwenye rekodi ya mahakama ni vigumu kulithibitisha, na ni vigumu vilevile kuthibitisha kwamba hukupewa. Kwa hiyo hatua karibu zote zilizo hapa chini zinahusu mambo mawili: wakati na maandishi.

Msingi wake uko kwenye Katiba ya 2010. Ibara ya 50(2)(b) inasema mshtakiwa aelezwe shtaka kwa undani wa kutosha kuweza kulijibu. Ibara ya 50(2)(c) inampa muda na nyenzo za kutosha kuandaa utetezi, na (j) inamtaka aonyeshwe mapema ushahidi utakaotumiwa dhidi yake. Ibara ya 50(3) inadai maelezo hayo yatolewe kwa lugha anayoielewa, na (2)(m) inampa mkalimani bila malipo. Ibara ya 25(c) inafunga mlango: haki ya kesi ya haki haiwezi kupunguzwa kwa sababu yoyote.

Onyo la kwanza ni hati ya mashtaka

Watu husubiri hadi siku ya hukumu ndipo waulize kuhusu adhabu. Wakati huo mengi yameshapita. Hati ya mashtaka ndiyo onyo la kwanza la ukubwa wa adhabu, na kifungu cha 134 cha Sura ya 75 kinataka iwe na kosa lenyewe pamoja na maelezo yanayotosha kumfahamisha mshtakiwa asili ya shtaka.

Hati ina sehemu mbili za kusoma kwa makini. Ya kwanza ni tamko la kosa, lenye nambari ya kifungu. Ya pili ni maelezo: tarehe, mahali, nani, nini, kwa nani. Hati nyingi huandikwa kwa Kiingereza na kusomwa kwa Kiswahili na karani, na msomaji wa haraka huruka nambari. Mwombe azisome. Sema tu: "Mheshimiwa, naomba nisomewe kifungu na kifungu kidogo ninachoshtakiwa nacho, na nielezwe adhabu yake." Ombi hilo halimuudhi hakimu yeyote anayejua kazi yake.

Kwa nini nambari moja ndani ya mabano iwe na uzito huo? Tazama Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006. Kosa la kunajisi mtoto limo kwenye kifungu cha 8(1), lakini adhabu imegawanywa kwa umri wa mtoto. Chini ya 8(2), mtoto wa miaka 11 au chini, adhabu ni kifungo cha maisha. Chini ya 8(3), miaka 12 hadi 15, ni kifungo kisichopungua miaka 20. Chini ya 8(4), miaka 16 hadi 18, kisichopungua miaka 15. Kitendo ni kilekile. Kinachopandisha adhabu ni umri. Ndiyo maana Mahakama ya Rufaa imeshikilia kwamba umri wa mtoto ni lazima uthibitishwe kwa ushahidi, haukisiwi tu.

Sasa chukulia hati iliyoandikwa hivi:

*Kosa: Kunajisi mtoto kinyume cha kifungu cha 8(1) kikisomwa pamoja na kifungu cha 8(3). Maelezo: … mtoto mwenye umri wa miaka 10.*

Hati hiyo inapingana yenyewe kwa yenyewe. Tamko linamwambia mshtakiwa ajiandae kwa miaka 20. Maelezo yanamwambia maisha. Kosa kubwa ambalo mshtakiwa hufanya hapa ni kunyamaza akidhani amepata upenyo wa kutumia baadaye kwenye rufaa. Kifungu cha 382 cha Sura ya 75 kinasema hitilafu kwenye hati haitatengua uamuzi isipokuwa imesababisha haki kukosekana, na kinaiagiza mahakama iangalie kama pingamizi lingeweza, na lingepaswa, kutolewa mapema zaidi. Aliyekaa kimya kwa mwaka mzima atakuwa na kazi ngumu kueleza alidhurika vipi. Simama siku unayoliona, liseme, na uhakikishe hakimu ameliandika.

Wizi wa mabavu unafanana na hilo. Kifungu cha 296(1) cha Kanuni ya Adhabu (Sura ya 63) kinabeba hadi miaka 14. Kifungu cha 296(2) kinabeba kifo, na kinachotenganisha viwili hivyo ni mambo matatu, lolote likitosha: mshtakiwa alikuwa na silaha ya hatari, au aliandamana na mtu mwingine mmoja au zaidi, au alimjeruhi au kumpiga mtu wakati wa wizi au mara kabla au baada yake. Jambo linalotegemewa ni lazima lionekane kwenye maelezo ya hati. Kama umeshtakiwa kwa 296(1) na mashahidi wakaja kusema kulikuwa na panga, hakimu hawezi kukutia hatiani kwa 296(2) kwa sababu tu ushahidi umeonyesha hivyo. Kifungu cha 179 cha Sura ya 75 kinaruhusu kushuka, yaani kutiwa hatiani kwa kosa dogo lililomo ndani ya kosa kubwa uliloshtakiwa nalo. Hakiruhusu kupanda.

Kwa makosa ya dawa za kulevya, angalia uzito na thamani. Vikitajwa kwenye hati, dai kuona cheti cha mkemia na cheti cha thamani kabla ya usikizaji kuanza.

Hati ikibadilishwa kesi ikiendelea

Upande wa mashtaka una njia halali ya kurekebisha makosa hayo. Kifungu cha 214 kinaruhusu hati ibadilishwe wakati wowote kabla upande wa mashtaka haujafunga ushahidi wake. Haki inayokulinda hapo ina sehemu mbili, na zote hupotea kwa urahisi kwa sababu kila mtu mahakamani ana haraka.

Kwanza, usomewe shtaka jipya na ulijibu upya. Jibu la zamani halihamii kwenye shtaka jipya. Pili, una haki ya kudai mashahidi waliokwisha kutoa ushahidi waitwe tena, na mahakama inatakiwa ikuambie kuwa una haki hiyo. Usijibu "naendelea tu" kwa sababu umechoka kurudishwa rumande. Kama uliwauliza mashahidi wa kwanza maswali ukijua unapambana na miaka 20, na sasa unapambana na kifungo cha maisha, maswali yako yangekuwa mengine. Waite.

Baada ya upande wa mashtaka kufunga, mabadiliko ya namna hiyo hayaruhusiwi tena chini ya kifungu hicho. Andika tarehe ya kufunga kwenye daftari lako.

Unapotaka kukiri

Anayekiri mashtaka huachana na karibu kila kitu isipokuwa adhabu: kifungu cha 348 kinamzuia kukata rufaa dhidi ya hatia, na kumwachia tu ukubwa au uhalali wa adhabu. Kwa hiyo ni lazima ajue adhabu kabla ya kufungua mdomo. Utaratibu uliowekwa na kesi ya Adan dhidi ya Jamhuri ya 1973 unataka shtaka na vipengele vyake vyote vielezwe kwa lugha ya mshtakiwa, jibu lake liandikwe kwa maneno yake mwenyewe kadiri inavyowezekana, maelezo ya tukio yasomwe, na apewe nafasi ya kuyapinga au kuyaongezea. Akiyapinga, kukiri kunabadilishwa kuwa kukana.

Sikiliza maelezo hayo neno kwa neno. Hapo ndipo silaha, mwenzako wa pili, au umri ambao haukuwa kwenye hati huweza kuingizwa. Ukisema "ni kweli" umevikubali vyote. Kama kuna kimoja usichokikubali, kitaje: "Nakubali niliiba simu. Sikubali kwamba nilikuwa na kisu." Sentensi mbili kama hizo zinaweza kuwa tofauti ya miongo.

Rekodi ya zamani

Baada ya hatia, hakimu humuuliza mwendesha mashtaka kama mshtakiwa ana rekodi ya awali. Mara nyingi jibu ni la mdomo: "Alifungwa miaka mitatu iliyopita." Mshtakiwa, akiwa amelemewa, hutikisa kichwa, na neno hilo linaingia kwenye sababu za adhabu.

Usitikise kichwa kwa jambo usilolikumbuka vizuri. Kifungu cha 142 kinaeleza namna ya kuthibitisha hatia ya awali: nakala ya hukumu iliyoidhinishwa na afisa anayetunza kumbukumbu za mahakama husika, au cheti cha afisa msimamizi wa gereza, au hati ya kupelekwa gerezani, pamoja na ushahidi kwamba aliyetajwa humo ni wewe. Alama za vidole pia hutumika. Majina hufanana, na nambari za kitambulisho hunakiliwa vibaya. Sema: "Siikubali rekodi hiyo. Naomba ithibitishwe chini ya kifungu cha 142, na nipewe nakala." Na kama ni kweli ni yako, waambie ni ya kosa gani na ya mwaka gani, maana hatia ya zamani ya kosa dogo isiyohusiana na hili haifai kupewa uzito wa kumfanya mtu aonekane mhalifu sugu.

Kifungu cha 216 kinaruhusu mahakama kupokea ushahidi wowote inaouona unafaa kabla ya kutoa adhabu. Hiyo ni pamoja na ripoti ya afisa wa probesheni. Omba kuisoma au kusomewa kabla ya kujitetea ili upunguziwe. Ripoti husheheni maoni ya majirani na jamaa, na yasiyojibiwa huchukuliwa kuwa kweli.

Kabla ya kukata rufaa, pima adhabu uliyonayo

Hapa ndipo watu wengi hujiumiza. Chukua kifungu ulichotiwa hatiani nacho, soma adhabu ya chini iliyowekwa na sheria, kisha ulinganishe na uliyopewa. Kama uliyopewa iko chini ya kiwango hicho, rufaa yako ina hatari kubwa, hata kama hujaomba chochote kuhusu adhabu.

Kundi kubwa liko katika hali hiyo. Tarehe 14 Desemba 2017, katika kesi ya Muruatetu, Mahakama ya Juu, iliyo juu ya mahakama zote nchini, iliamua kwamba kifo cha lazima kwa mauaji ni kinyume cha Katiba. Mahakama nyingi zikaitumia hoja hiyo kwenye makosa mengine, na watu wakapewa miaka 10 au 15 mahali sheria inaposema isipungue 20. Tarehe 6 Julai 2021 Mahakama ya Juu ikafafanua kwamba uamuzi ule ulihusu mauaji peke yake. Tarehe 12 Julai 2024 ikaamua kwamba viwango vya chini vya Sheria ya Makosa ya Kingono vinabaki halali, na katika kesi hiyo hiyo ikarudisha kifungo cha miaka 20 ambacho Mahakama ya Rufaa ilikuwa imekishusha hadi 15. Kwa hiyo mtu aliyepewa miaka 10 chini ya kifungu cha 8(3) anapopeleka rufaa leo, faili yake ikifunguliwa jambo la kwanza kuonekana ni hilo.

Kutokata rufaa dhidi ya adhabu hakukulindi. Kifungu cha 354(3)(a) kinaruhusu adhabu kuongezwa hata pale rufaa inapopinga hatia tu. Wanaofuta hoja ya adhabu kwenye maombi yao wakidhani wamejificha wanajidanganya.

Kuna kundi moja ambalo lisiogope haraka. Aliyekuwa chini ya miaka 18 alipotenda kosa habanwi na viwango hivyo vya chini. Kifungu cha 8(7) cha Sheria ya Makosa ya Kingono kinaruhusu ashughulikiwe chini ya sheria ya taasisi za Borstal (za kurekebisha vijana wahalifu) na sheria ya watoto. Cheti cha kuzaliwa au tathmini ya umri iambatanishwe mapema.

Muda wa kukata rufaa kwenda Mahakama Kuu ni siku 14 tangu siku ya adhabu, chini ya kifungu cha 349, na unaweza kuongezwa kwa sababu nzuri, ikiwemo kuchelewa kupata nakala ya hukumu. Aliye gerezani hukabidhi maombi yake kwa afisa msimamizi, naye huyapeleka. Siku 14 zinatosha kupima kama utaomba ushauri siku ya pili na si ya kumi na tatu. Usiye na wakili unaweza kuomba msaada kwa Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria.

Onyo kwenye rufaa linavyopaswa kuwa

Mahakama ya Rufaa ililieleza jambo hili wazi katika JJW dhidi ya Jamhuri ya 2013. Uwezo wa kuongeza adhabu upo, lakini mrufani afahamishwe kabla ya usikizaji wa rufaa au unapoanza. Njia zilizotajwa ni mbili. Upande wa mashtaka unaweza kuwasilisha rufaa yake kinzani ukiomba nyongeza, na kumkabidhi mrufani mapema ili ajiandae. Au mahakama yenyewe imwonye kwamba rufaa yake ikishindwa, adhabu inaweza kuongezwa.

Onyo zuri, likiandikwa kwenye rekodi, husomeka hivi:

*Mahakama: Umekata rufaa kupinga hatia na adhabu. Ulipewa miaka 10. Sheria inataka isipungue 20. Rufaa yako ikishindwa, mahakama hii inaweza kuongeza adhabu ifike hapo. Umeelewa?*
*Mrufani (kwa Kiswahili): Nimeelewa. Naomba siku 14 nipate ushauri.*
*Mahakama: Zimekubaliwa. Itatajwa tarehe …*

Lina adhabu ya sasa, adhabu inayoweza kuja, sababu yake, lugha, na jibu la mrufani. Linganisha na mstari mmoja unaosema "Mrufani ameonywa." Ameonywa nini, na kwa lugha gani? Mstari kama huo unastahili kupingwa.

Kuna njia ya tatu ambayo huonekana mara kwa mara na ambayo haimo kwenye zile mbili. Mwendesha mashtaka hawasilishi rufaa kinzani, ila kwenye hoja zake za maandishi, aya ya mwisho kabisa, anaandika kwamba anaomba adhabu iongezwe. Mrufani aliye gerezani hupokea karatasi hizo asubuhi ya kesi, au hazipokei kabisa. Pinga siku hiyo hiyo. Sema kwamba hakuna rufaa kinzani, hukuonywa na mahakama kabla usikizaji haujaanza, na kwamba hoja za maandishi si mahali pa kuleta ombi jipya. Ukinyamaza, rekodi itaonyesha ulijibu hoja zote isipokuwa hiyo.

Usikizaji kwa njia ya video kutoka gerezani una taabu yake. Sauti hukatika, na onyo linaweza kutolewa wakati huo. Usiseme "ndiyo" kwa jambo ambalo hukulisikia. Sema hukusikia, na uombe lirudiwe.

Ukionywa, fanya hivi

Usijibu papo hapo kwamba unaendelea au unaondoa. Omba muda na nakala ya rekodi ya kesi. Ibara ya 50(5)(b) inakupa haki ya kuipata kwa malipo ya kuridhisha. Kisha uzitazame hoja zako kwa jicho la mtu baki. Ukiwa na hoja yenye nguvu dhidi ya hatia, kwa mfano umri haukuthibitishwa au utambuzi ulifanyika gizani na shahidi mmoja, kuendelea kunaweza kufaa, kwa kuwa hatia ikianguka hakuna adhabu ya kuongezwa. Ukiwa na malalamiko tu kwamba miaka ni mingi, na miaka hiyo iko chini ya kiwango cha sheria, kuondoa rufaa huwa ndio uamuzi wa busara kwa walio wengi.

Ukiamua kuondoa, fanya hivyo kwa maandishi au kwa tamko lililoandikwa, kabla usikizaji haujaanza. Kama kuna rufaa kinzani, uliza mahakamani siku hiyo imebaki vipi: kuondoa yako hakuifuti ya upande wa pili. Pia Mahakama Kuu ina uwezo wa marejeo, yaani kuchunguza upya mwenendo wa mahakama ya chini, chini ya vifungu vya 362 na 364, na kupitia hapo inaweza kuongeza adhabu hata bila rufaa. Hata hivyo kifungu cha 364(2) kinakataza amri yoyote ya kumdhuru mshtakiwa kabla hajapewa nafasi ya kusikilizwa, na 364(3) kinaizuia kutoa adhabu kubwa kuliko ambayo mahakama ya chini ingeweza kutoa.

Ukiamua kuendelea, andaa hoja mbili na si moja. Ya kwanza inapinga hatia. Ya pili inapinga nyongeza, na hiyo ndiyo husahaulika. Kama adhabu yako iko ndani ya sheria, tumia kanuni iliyotoka kwenye Ogolla mwana wa Owuor dhidi ya Malkia ya 1954, ambayo mahakama zetu bado huifuata: mahakama ya rufaa haigusi adhabu kwa sababu tu yenyewe ingetoa nyingine, lazima kuwe na kosa la kanuni, jambo muhimu lililoachwa, au adhabu isiyolingana kabisa na kosa. Kama adhabu iko chini ya kiwango cha sheria, kanuni hiyo haitakufikisha mbali, kwa sababu suala ni uhalali. Hapo elekeza nguvu kwenye muda uliokaa rumande, ambao kifungu cha 333(2) kinataka uhesabiwe, na kwenye Ibara ya 50(2)(p) kama adhabu ya kosa ilibadilika kati ya siku ya tukio na siku ya hukumu: unastahili iliyo nafuu zaidi. Andika tarehe ya kukamatwa na tarehe ya adhabu; tofauti yake, ukitoa siku ulizokuwa nje kwa dhamana, ndiyo unayoidai.

Ukiongezewa bila onyo

Nenda Mahakama ya Rufaa, na uende haraka: notisi ya rufaa inawasilishwa ndani ya siku 14. Kwa kawaida rufaa hii ya pili ni ya hoja za sheria tu, na kifungu cha 361(1) kinahesabu ukali wa adhabu kuwa suala la ukweli, yaani huwezi kuulalamikia. Lakini kifungu hicho hicho kina mwanya uliowekwa makusudi kwa ajili yako: katazo la kupinga adhabu halimhusu mtu ambaye adhabu yake iliongezwa na Mahakama Kuu. Taja mwanya huo kwenye hoja ya kwanza kabisa. Maombi yasiyoutaja huweza kusomwa kama malalamiko ya kawaida ya ukali.

Hoja zenyewe ziwe fupi, kila moja ikielekeza kwenye ukurasa wa rekodi. Eleza kwamba hakukuwa na rufaa kinzani iliyokabidhiwa kwako. Eleza kwamba rekodi ya siku ya usikizaji, ukurasa fulani, haionyeshi onyo lolote. Kisha eleza ungefanya nini kama ungeonywa: ungeondoa rufaa, au ungetafuta wakili, au ungeleta ushahidi wa umri. Kipande hiki cha tatu ndicho kinachoonyesha madhara, na ndicho kinachokosekana kwenye maombi mengi yanayoandikwa gerezani. Mwisho omba kitu mahususi: nyongeza itenguliwe na adhabu ya hakimu irejeshwe. Usiombe tu "haki itendeke".

Kabla ya kuwasilisha, omba masijala ya Mahakama Kuu nakala iliyoidhinishwa ya mwenendo wote, si hukumu peke yake. Hukumu inaweza kusema ulionywa. Mwenendo wa siku ile ndio unaoonyesha kama ulionywa kweli, saa ngapi, na ulijibu nini.